Saratani ya Ngozi Si Habari za Wazungu

Mwezi Machi mwaka jana dada yangu alituma picha katika kundi la WhatsApp la ukoo wetu. Ilikuwa picha ya sikio la kulia la mwanawe, kijana wa miaka ishirini na mitatu mwenye ualbino. Kwenye ukingo wa juu wa sikio palikuwa na kidonda kidogo, ukubwa wa punje ya mbaazi, chenye gamba la manjano. Chini ya picha dada aliandika: "Hiki kidonda kina miezi minne hakiponi. Kikikauka kinabanduka, kinatoa damu. Naombeni ushauri ndugu zangu."

Ushauri ukaja kwa wingi. Kundi lina watu sitini na mmoja, waliotawanyika Mbesa, Tunduru mjini, Songea, Masasi na Dar es Salaam, na mmoja yuko Muscat. Huyu alisema utomvu wa mshubiri. Yule alisema asali mbichi isiyochanganywa na sukari. Mwingine alileta video ya daktari wa Marekani akieleza namna ya kukagua vidoamgongoni, na mgongo aliokuwa akiuonyesha ulikuwa mweupe kama karatasi. Shemeji mmoja aliandika kwamba kijana amefanyiwa husuda kwa sababu korosho zake zilipata daraja la kwanza mnadani. Zikafuata dua, nyingine kwa herufi kubwa. Nami, ambaye watu hao wote huniita Daktari ingawa udaktari wangu ni wa vitabu, niliandika: "Allah amponye haraka, amina." Nikaongeza alama ya viganja viwili, nikaiweka simu chini, nikaendelea kusahihisha mitihani.

Asubuhi yake mtu aliweka bei ya ufuta. Picha ya sikio ikapanda juu, ikatoweka machoni.

Naomba msomaji ajue jambo moja kuhusu Mbesa. Watu wa mbali hutuhesabu sote wa Ruvuma kuwa "watu wa Songea", na wengi hudhani huko kwetu, bondeni kabisa mwa Tunduru kuelekea mpaka wa Msumbiji, hakuna kitu ila mikorosho na tembo. Si kweli. Mbesa ina hospitali ya misheni ambayo watu wa vijiji vya mbali huifuata kwa baiskeli na kwa machela tangu mimi sijaanza darasa la kwanza. Kutoka mlangoni kwa dada yangu hadi kwenye lango la hospitali hiyo ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Katika majibu yote ya usiku ule, nimeyarudia moja baada ya jingine, hakuna hata mmoja wetu aliyeandika maneno manne mepesi: mpeleke hospitali kesho asubuhi.

Na kwetu Wayao mjomba si mtu wa kutia chumvi tu kwenye mazungumzo. Ukoo hufuata upande wa mama. Mtoto wa dada ni mtoto wa mjomba, na kauli ya mjomba ndiyo inayouza mbuzi, inayotoa nauli, inayofunga safari. Dada aliposema "ndugu zangu" alikuwa ananitaja mimi kwa heshima. Alisubiri kauli. Akapata viganja viwili.

Nimeanza na aibu yangu ili nisije nikadhaniwa nawasema wengine. Sasa niwaseme wengine.

Tunavyoizungumza saratani ya ngozi katika nchi hii ni kana kwamba ni habari ya kigeni inayopita njia. Chunguza wewe mwenyewe kile kinachosambazwa kwenye simu zetu. Ni maelezo yaliyofasiriwa vibaya kutoka lugha za watu wengine, yakionya juu ya kuota jua ufukweni na mashine za kubadili rangi ya ngozi, mambo ambayo mkulima wa Tunduru hajayaona na hatayaona. Chini yake hufuata vicheko: wazungu na jua lao, sisi Mungu alitupa kinga. Neno "melanini" limekuwa kama hirizi. Nimelisikia likitajwa na wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu kwa fahari ile ile ambayo babu zao waliitaja dawa ya maji ya Kinjekitile.

Ni kweli kwamba melanini hukinga. Rangi hiyo hufyonza mionzi ya urujuanimno kabla haijafika kwenye kiini cha chembe hai na kuvuruga maandishi ya urithi yaliyomo. Ndiyo maana aina za saratani zinazoletwa na jua ni chache sana kwa mtu mweusi. Lakini kutoka "chache sana zinazoletwa na jua" hadi "sisi hatuugui saratani ya ngozi" ni mruko wa mtu asiyetazama anapotua.

Tazama unyayo wako. Hapo rangi ni hafifu, na hapo ndipo melanoma, saratani kali kuliko zote za ngozi, humwanzia mtu mweusi mara nyingi: kwenye unyayo, kiganjani, chini ya kucha. Haisababishwi na jua. Vijana wetu wanaovaa fulana za Bob Marley hawajui kwamba kilichomuua mwaka 1981, akiwa na miaka 36, ni melanoma iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Iligunduliwa mwaka 1977. Kabla ya hapo ilidhaniwa kuwa jeraha la mpira. Ni mangapi ya "majeraha ya mpira" yanayotembea juu ya nyayo zetu, chini ya kandambili, yakipakwa mafuta ya taa?

Tazama makovu. Sisi ni nchi ya mafiga matatu na vibatari. Mtoto huangukia motoni, mwenye kifafa huangukia motoni, mama hushika moto kanga ikiwa mwilini. Kovu kubwa la moto lisilotibiwa sawasawa, linalopasuka na kufunga na kupasuka tena, linaweza baada ya miaka mingi kugeuka saratani. Vidonda ndugu vya miguuni hali kadhalika. Madaktari wa upasuaji wa Bugando, Mwanza, wameandika kuhusu wagonjwa wa namna hii. Hawa ni watu weusi tititi, wenye melanini kamili, na hawana hata picha moja kwenye simu zetu.

Na tazama Kaposi, ambayo wengi wetu tulizika ndugu waliokuwa nayo katika miaka ya tisini bila kulitaja jina lake. Madoa ya zambarau miguuni, kinywani, uvimbe usioisha. Ilikuwapo Afrika Mashariki kabla ya Ukimwi. Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago, iliyoanzishwa mwaka 1967, iliitibu tangu siku zake za mwanzo. Virusi vya Ukimwi vilipokuja viliifungulia mlango. Hata kirusi chake chenyewe, cha jamii ya malengelenge, kiligunduliwa mwaka 1994. Ni saratani inayoonekana kwenye ngozi, iliyoua Watanzania kwa maelfu, nasi bado tunaambizana kwamba saratani ya ngozi ni ya wazungu.

(Wapo pia wanaojivua kinga yao kwa mikono yao, wapakaji wa mkorogo wenye zebaki na haidrokwinoni. Nimekwisha kuandika juu yao hapa, na walionitukana wakati ule nawasalimu.)

Lakini mzigo wenyewe, mzigo mzito, umewaangukia watu wenye ualbino. Sensa ya 2012 iliwahesabu watu 16,477, yaani takriban mmoja katika kila watu 2,652, kiwango ambacho ni kikubwa mno ukilinganisha na Ulaya au Amerika ya Kaskazini. Hawana melanini ya kutosha kwa sababu wamerithi nakala mbili zenye hitilafu za jeni ileile, moja kwa baba na moja kwa mama. Na baba na mama hao kwa kawaida ni weusi kama mimi na wewe, wakibeba nakala moja kila mmoja bila kujua. Sina hakika kama mimi siibebi. Dada yangu anaibeba, kwa hiyo nafasi yangu ni kubwa. Lau tungeielewa hoja hii moja tu, maneno kama "watu wale" yangetutoka vinywani: mtu mwenye ualbino ni mtoto wa damu yetu ambaye karata zimemwangukia hivyo.

Mtu huyo akilima chini ya jua la Tunduru bila kofia wala mafuta kinga, ngozi huanza kuharibika utotoni. Utafiti wa J. Luande na wenzake wa Dar es Salaam, uliochapishwa mwaka 1985 baada ya kuwachunguza watu 350 wenye ualbino, ulilionyesha jambo hilo zaidi ya miaka arobaini iliyopita. Kwanza huja madoa makavu yanayokwaruza kama msasa, kwenye paji, masikioni, shingoni, juu ya mikono. Hayo bado si saratani. Daktari wa ngozi huyagandisha kwa naitrojeni ya kimiminika, kazi ya dakika chache, mgonjwa akaenda nyumbani. Yakiachwa, baadhi yake hugeuka saratani ya chembe bapa, nayo hula taratibu, sikio, mdomo, kope, kisha huingia kwenye tezi za shingo. Huu si ugonjwa wa ghafla. Hutoa miezi, mara nyingi miaka, ya kuonwa. Unaonekana kwa macho, hauhitaji mashine kuugundua. Ni miongoni mwa saratani chache ambazo bibi asiyejua kusoma anaweza kuziona kabla ya daktari, maadam amefundishwa cha kutazama.

Ndiyo maana hasira yangu ni kubwa. Ugonjwa unaoonekana kwa macho tumeuzungumza hadi haukuonekana.

Niseme juu ya huruma, maana hapa ndipo nitakapogombana na marafiki zangu wanaharakati. Kuna aina ya picha ambayo nyote mmeiona: uso wa mtu mwenye ualbino ulioliwa na saratani, pua haipo, jicho limefumba. Juu yake pameandikwa "andika amina, usipite bila kusema kitu." Anayesambaza hajui jina la mtu yule, hajui kama yu hai, hajui kama aliridhia. Sikatai kwamba watu huguswa. Lakini picha ya hatua ya mwisho haimfundishi mtu yeyote kuitambua hatua ya kwanza. Dada yangu alikuwa ameziona picha za namna hiyo mara nyingi. Alipolitazama sikio la mwanawe na kuona punje ya mbaazi, alijiambia, kama alivyonieleza baadaye, "Hii si ile, ile inakula uso mzima." Huruma yenu ilimtuliza mahali alipopaswa kushtuka.

Na pamoja na picha hizo husafiri tarakimu: asilimia tisini, wengine husema tisini na nane, ya watu wenye ualbino Afrika hufa kabla ya miaka arobaini. Imekaririwa kwenye warsha, kwenye mabango, kwenye hotuba. Nimewauliza wanaoitumia wameitoa wapi, wakanijibu kwamba "inajulikana". Kinachojulikana ni kitu kingine. Utafiti wa Bugando uliochapishwa mwaka 2012 uliwaangalia wagonjwa 64 wenye ualbino waliokuwa na saratani ya ngozi. Umri wa kati ulikuwa kama miaka 30, na sababu kubwa ya kuchelewa kufika hospitali ilikuwa ukosefu wa fedha. Hizo ni habari za wagonjwa waliokwisha kufika wodini, si za kila mtoto anayezaliwa na ualbino, na ndani yake mna kitu cha kufanyia kazi: umaskini, umbali, kuchelewa. Ile asilimia ya kwenye mabango haina kitu cha kufanyia kazi ndani yake. Ni hukumu.

Nasema hukumu kwa sababu aliisoma mhukumiwa. Oktoba, nilipokwenda Mbesa kwenye matanga ya mama mdogo, ndipo nilipoliona sikio lile kwa macho yangu. Punje ilikuwa imekuwa ukubwa wa korosho nzima na ilinuka. Nilipomkemea mpwa wangu kwa nini hakwenda hospitali mwenyewe, mtu mzima na miguu anayo, alinijibu kwa upole bila kuinua macho: "Mjomba, si mnaandikaga wenyewe tunakufa tukiwa na arobaini. Mimi nimebakiwa na kumi na saba. Nikasema niimalizie ile nyumba kwanza."

Tulikwenda kesho yake. Tulipokewa, tukapewa barua ya rufaa siku hiyohiyo. Mwezi Novemba nusu ya sikio ilikatwa katika hospitali kubwa ambayo sina sababu ya kuitaja. Februari tezi ya shingo ikavimba. Akaandikiwa mionzi, na mionzi kwa mtu wa Tunduru ni safari ya Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 700, kisha wiki kadhaa za kukaa mjini, kula mjini na kulala mjini. Ocean Road hutibu. Haimlishi msindikizaji wako. Wenye ndugu mjini hulala sebuleni kwao. Wasio na ndugu ndio wale ambao takwimu huwaandika kuwa "waliacha matibabu".

Sasa niwageukie wasomaji wangu walio ofisini, watumishi wa umma, ambao najua mnanisoma kimyakimya. Kila tarehe 13 Juni, siku ya kimataifa ya uelewa kuhusu ualbino iliyowekwa na Umoja wa Mataifa, simu zangu hujaa picha zenu. Meza ina kitambaa, kitambaa kina maboksi, mheshimiwa anamkabidhi mtoto mwenye ualbino chupa ya mafuta, wote wanatazama kamera, na aghalabu wamesimama juani. Nimewahi kumwona mtoto katika picha ya namna hiyo amevuliwa kofia ili uso uonekane vizuri.

Tufanye hesabu ya darasa la tano. Ili mafuta kinga yafanye kazi, madaktari wa ngozi hushauri kipimo kisichopungua kijiko cha chai kwa uso na shingo, na kijiko kingine kwa kila mkono. Kurudia kila baada ya saa mbili mtu akiwa nje. Tuwe wabahili, tuseme mara mbili tu kwa siku. Hiyo ni mililita 30. Chupa ya mililita 100 inakwisha siku ya nne. Hotuba ya mheshimiwa ilikuwa ya mwaka mzima.

Mtaniambia kwamba bajeti ni ndogo. Kenya bajeti yao nayo si bahari, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 Serikali yao imekuwa na mpango wa kununua mafuta kinga na kuyagawa bure kwa watu wenye ualbino kupitia Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Wakenya wanalalamika kwamba yanachelewa na wakati mwingine hayatoshi. Ni lalamiko la watu wenye kitu cha kulalamikia. Sisi tuna nini? Tuna Kilisun, mafuta yanayotengenezwa hapahapa Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, kwa ajili ya ngozi hizi na jua hili. Kwa zaidi ya miaka kumi yamegawiwa na kliniki zinazotembea mikoani, kazi nzuri kabisa, na kwa sehemu kubwa ni kwa fedha za wafadhili wa nje. Tuna wataalamu, tuna kiwanda, tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Ila mtu wa Mbesa akitaka kununua mafuta kinga hayapati kwenye dirisha la dawa. Huko mjini hukaa kwenye rafu ya vipodozi, kati ya manukato na rangi ya midomo. Chupa niliyonunua Dar es Salaam mwaka huu ilinigharimu zaidi ya shilingi elfu thelathini. Kwa hesabu yetu ya juu, hizo ni siku nne.

Mahali kitu kinapowekwa rafuni ni siasa. Dawa ni haki inayoweza kudaiwa. Kipodozi ni anasa ya mwenye nacho. Kama mnatafuta jambo la kufanya kabla ya Juni nyingine, lifanyeni hilo: mafuta kinga yahesabiwe kuwa dawa kwa watu hawa, yaagizwe pamoja na dawa, yafike kwenye zahanati pamoja na dawa. Na maafisa elimu, kofia ya ukingo mpana na shati la mikono mirefu si uvunjaji wa sare ya shule. Bado ninapokea habari za walimu wanaowavua watoto kofia mstarini.

Kuna hoja moja inayorudi kila niandikapo hivi, na ina uzito. Husemwa kwamba kelele za umma ndizo zilizowaokoa watu wenye ualbino na mapanga. Je, si unazidharau? La. Mwaka 2008 Vicky Ntetema, akiifanyia kazi BBC, alijifanya mteja akawaendea waganga waliokuwa tayari kumuuzia viungo vya binadamu, na baada ya hapo ilimbidi aishi mafichoni. Zile zilikuwa kelele zenye ushahidi, zilizotaja kazi ya nani ni nini. Zaidi ya watu sabini wenye ualbino wameuawa nchini mwetu, na mauaji ya mtoto wa Muleba mwaka 2024, aliyekuwa hajatimiza hata miaka mitatu, yalituonyesha kwamba hatujafika mbali tulivyodhani. Sitaki kelele hizo zipungue hata kidogo. Ninachosema ni kwamba tumejifunza kumwona mtu mwenye ualbino anapowindwa tu. Wanaowahudumia watu hawa wanakubaliana kwamba saratani ya ngozi ndiyo inayowaua wengi zaidi, kuliko panga. Jua halina uso wa kupigwa picha mahakamani. Halitangazi. Kwa hiyo halina msafara wa waandishi wa habari.

Na kwa wale watetezi wa dawa za asili, wakiwemo wenzangu wawili wa chuoni, sina ugomvi na mitishamba. Dawa ya vinkristini, iliyotumika kwa miaka mingi kuitibu saratani ya Kaposi, chanzo chake ni ua la Madagaska tunalolipanda uani kwa urembo. Lakini kutoka kwenye ua hadi kwenye dripu palipita maabara, vipimo na dozi. Hakuna aliyepona kwa kulitafuna. Mshubiri unapoza ngozi iliyoungua. Kidonda kisichopona kwa mwezi mzima kwenye ngozi isiyo na rangi si ngozi iliyoungua, na kila wiki ya mshubiri ni wiki ambayo daktari wa upasuaji atailipia kwa kisu kikubwa zaidi. Kwa mpwa wangu zilikuwa wiki thelathini. Mwezi wa nne wa zile wiki, yule ndugu wa asali alituma kopo zima kwa basi kutoka Songea, na tulimshukuru kundini kwa maneno mengi.

Ameniruhusu kuyaandika haya mradi nisitaje jina lake. Aliyasoma yote kwa kuisogeza simu karibu na pua, maana macho yake pia ni ya ualbino, akaniambia nipunguze maneno ya kitabuni. Nimepunguza kadiri ninavyoweza. Yuko Dar es Salaam, sebuleni kwangu, wiki ya nne ya mionzi. Ngozi ya shingo imekuwa nyekundu na koo linamwuma, hula uji. Madaktari hawajasema neno la mwisho, nami siwalazimishi.

Jana usiku aliandika kundini kwa mara ya kwanza tangu ile picha. Hakusema lolote kuhusu ugonjwa. Aliuliza nani yuko Mbesa anayeweza kumpalilia mikorosho kabla ya msimu wa kupuliza salfa, kwa kuwa nyasi zimefika kiunoni. Watu kumi na wanne wameandika amina. Shemeji yule wa husuda hakuandika kitu. Leo asubuhi ametuma picha ya safu tatu zilizokwisha kupaliliwa, na jembe limeegemezwa kwenye shina.